JE, NKONGOLO ALIKUWA MTU MBAYA KABISA?



Siku ya posho moja jioni, kiisha mazoezi ya kwaya, vijana wa paruasi yetu walibaki uwanjani wakibishana juu ya Nkongolo Mwamba, yule sultani mwekundu wa hadithi za Waluba. Kijana mmoja alisema: "Yule alikuwa shetani tangu tumboni mwa mama yake." Dada mmoja akamjibu: "Kama alikuwa shetani, mbona alimpokea mgeni vizuri?" Wakaniita: "Baba Shemasi, tuamue." Sikuweza kuwajibu upesi. Leo ninajibu kwa maandishi, kwa sababu nimeona ya kuwa swali lao linagusa nyumba zetu.

Kwanza tukumbuke hadithi yenyewe. Wazee wanaieleza kwa njia nyingi, lakini mambo makubwa ni haya. Nkongolo alikuwa mtawala wa kwanza mwenye nguvu katika nchi ya Waluba, na makao yake yalikuwa Mwibele, karibu na ziwa Boya. Wengine wanaeleza kwamba aliona siafu wakishambulia mchwa. Mchwa walikuwa wengi, lakini siafu walikwenda kwa mpango, wakawashinda. Basi akajifunza ya kuwa watu wachache wenye umoja wanaweza kutawala wengi, akaanza kushinda vijiji na kuviunganisha.

Kiisha akaja mwindaji kutoka mashariki, jina lake Mbidi Kiluwe. Mgeni huyu alikuwa mtu wa adabu kubwa: hakula mbele ya watu, wala hakucheka kwa kuonyesha meno. Nkongolo yeye alikula hadharani, alikunywa pombe sana, alicheka kwa sauti. Hata hivyo alimpokea mgeni, akampa dada zake wawili, Bulanda na Mabela, wawe wake zake. Baadaye Mbidi alirudi kwao, na Bulanda akamzaa Kalala Ilunga.

Kalala alikua akawa shujaa wa vita, akamsaidia mjomba wake kushinda nchi. Katika michezo pia alimshinda mjomba. Watu wakaanza kumsifu kijana, na hapo moyo wa Nkongolo ukageuka. Inasemwa kwamba mama yake alimcheka siku aliposhindwa mchezoni, naye akamzika mama huyo akiwa hai. Kiisha akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwita Kalala aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa mlio wa ngoma. Kalala akaruka, akakimbilia kwa baba yake ng'ambo ya Lualaba. Aliporudi, alirudi na jeshi. Nkongolo akakimbia, akakamatwa, akakatwa kichwa.

Sasa tuulize: mtu huyu alikuwa mbaya kabisa?

Wanaosema ndiyo wana sababu. Mti unajulikana kwa matunda yake, ndivyo Bwana wetu alivyofundisha. Mama aliyezikwa hai hawezi kuambiwa: "Nyamaza, mwana wako alikuwa na mazuri pia." Mtu akisema hakuna aliye mbaya duniani, amewaziba midomo wanaolia. Mimi sitaki kuwa mtu huyo. Shimo lile lilikuwa uovu, na kaburi la mama yule lilikuwa uovu mkubwa zaidi. Tuyaite kwa jina lake, bila kuzungusha maneno.

Lakini tuangalie mambo matatu.

La kwanza, hadithi yenyewe haisemi kwamba Nkongolo alianza na shimo. Alianza na kuunganisha watu. Aliendelea na kumpokea mgeni na kumpa dada zake. Ubaya uliingia mlango mmoja, nao ni hofu ya kupoteza kiti. Je, Biblia haituonyeshi mtu wa namna hiyo? Someni kitabu cha Samweli wa Kwanza. Sauli alichaguliwa na Mungu, akapakwa mafuta. Siku ya kutangazwa alijificha kati ya mizigo juu ya haya. Lakini wanawake walipomwimbia Daudi sifa kupita zake, akaanza kumwonea wivu, na kiisha akamtupia mkuki. Hakuna mhubiri anayesema Sauli alikuwa shetani tangu tumboni. Tunasema Sauli aliharibika. Mtu aliyeharibika na mtu aliyezaliwa mbaya ni watu wawili tofauti. Yule wa kwanza aliweza kurudi, na hiyo ndiyo hatia yake: hakutaka.

La pili, tuulize ni nani aliyetuhifadhia hadithi hii. Ilitunzwa na watu wa chama cha Mbudye, waliojifunza kusoma lukasa, ule ubao wa ukumbusho wenye shanga, kwa ajili ya enzi ya wafalme. Na wafalme hao walikuwa uzao wa Kalala Ilunga. Nkongolo hakupewa nafasi ya kujieleza. Sisi tunajua uzito wa jambo hili. Mwezi wa kumi mwaka wa 1921, tribinali ya kijeshi ya Wabelgiji kule Thysville ilimhukumu Papa Simon Kimbangu kufa. Mfalme wa Ubelgiji alibadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha, na Papa akakaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki hapa Katanga, Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Waliosoma karatasi za tribinali peke yake walisoma habari za mtu hatari. Sifananishi Papa Simon na Nkongolo, hasha! Papa hakumchimbia mtu shimo. Ninasema tu kwamba watu ambao babu zao walihukumiwa kwa maneno ya mwenye nguvu wanapaswa kuwa wa mwisho kumhukumu mtu kwa kusikia upande mmoja.

La tatu, Kalala Ilunga alikuwa mtoto wa dada yake Nkongolo. Maana yake, damu ya sultani mbaya ilipita kwa Bulanda ikaingia katika mfalme mwema na katika wafalme wote waliomfuata. Na mfalme mwema naye alimkata mjomba wake kichwa. Daudi, kinyume chake, alipopata nafasi ya kumwua Sauli alikata pindo la vazi lake tu, na Sauli alipokufa Daudi alilia na kufunga. Kwa hiyo hadithi yetu haina upande ulio safi kabisa. Anayesema "Nkongolo ni yule pale" ajipapase mwenyewe kwanza.

Wapendwa, sasa niwaeleze kwa nini nilinyamaza jioni ile vijana waliponiuliza. Miaka michache iliyopita, katika mtaa wetu, baba mmoja alipoteza kazi, kiisha mtoto wake mdogo akaugua. Watu wa nyumba wakaanza kumtazama mtoto mwingine, yatima wa dada yao, wa miaka 11. Alikuwa mtoto mkaidi, kweli. Aliiba sukari, alikojoa kitandani, aliongea usiku. Wakasema: huyu ni mulozi, ni yeye anayefunga nyumba. Wakaniita mimi nije kuomba. Nilivua viatu, niliomba, nikarudi nyumbani. Sikusema neno juu ya mtoto. Niliogopa kuonekana ninamtetea ndoki. Baada ya majuma mawili mtoto alikuwa nje, analala sokoni chini ya meza za wauza samaki.

Aliiba sukari, ndiyo. Kuiba ni kosa, na mtoto anafundishwa aache. Lakini wao hawakusema "umefanya vibaya", walisema "wewe ni mbaya." Neno la kwanza linamwachia mtu njia ya kurudi. Neno la pili linafunga njia ile, na anayelisema anaona ana ruhusa ya kufanya lolote, maana si mtoto tena anayefukuzwa, ni ndoki. Na mimi, kwa kunyamaza kwangu, nilisaidia kutandika mkeka juu ya shimo. Mpiga ngoma wa Nkongolo alikuwa mtumishi tu wa sultani, lakini alipiga onyo. Mimi shemasi sikupiga.

Tulimtafuta mtoto yule pamoja na mama mmoja wa paruasi, tukamkuta. Sasa anakaa kwa mama huyo na anasoma. Bado ni mkaidi. Sheria ya nchi yetu ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na ni vema tuijue. Lakini kabla ya sheria ya nchi tulikuwa na amri ya upendo, nami niliivunja.

Basi vijana wangu, jibu langu ni hili. Nkongolo alitenda uovu wa kweli, na anastahili lawama kwa sababu alikuwa mtu, si kwa sababu alikuwa shetani. Shetani hatumshangai akichimba shimo. Mtu aliyempokea mgeni mezani akichimba shimo, huyo ndiye wa kutisha, kwa sababu anafanana na sisi. Kwa Kiluba nkongolo ni upinde wa mvua, na wazee wetu waliuogopa kama nyoka anayezuia mvua. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu aliuweka upinde uleule mawinguni uwe alama ya agano, kwamba hataangamiza tena kila chenye mwili kwa gharika. Ikiwa Mungu mwenyewe alijiwekea mpaka, sisi ni nani tusijiwekee?

Basi mkisikia nyumbani mwenu, au kwa jirani, mtu anaitwa mbaya tangu tumboni, ulizeni kwanza: amefanya nini? Nani ameona? Na yeye mwenyewe anasema nini? Kiisha pigeni ngoma, hata kama sultani amekaa karibu.

Bwana atusaidie. Amina.

Shemasi wenu