Ramadhani, Siku ya 14: Goti Linapogoma



Ndugu zangu katika imani, wazee wetu, kaka zetu, na akina mama mnaosoma huku sufuria ya futari iko motoni: alhamdulillah, leo tumefunga siku ya 14. Ujumbe wa leo ni wa mwenye miaka arobaini na kitu, hamsini na kitu, ambaye mwaka huu mwili wake umemshitua. Vijana nao wasome, maana hakuna aliyeahidiwa kubaki na miaka 20.

Tufanye hesabu kidogo. Isha rakaa 4, sunna yake 2, tarawehe 20, witri 3. Jumla rakaa 29. Kila rakaa ina sijida mbili, kwa hiyo mtu anashuka chini na kuinuka mara 58 kwa usiku mmoja. Hata pale wanaposali tarawehe 8, zinafika sijida 34. Kijana anazipita hizo bila kujua kwamba ana goti. Mtu mzima anaijua kila moja.

Sasa mchukue ndugu mmoja. Jina lake tusilitafute, kwa sababu kila mtaa unaye. Ana miaka 48. Mwezi wa Shaabani palikuwa na bonanza, waliooa dhidi ya wasiooa, akaukimbilia mpira kwa akili ya miaka 25 na miguu ya miaka 48. Goti likapinda. Akafungwa bandeji, akatembelea magongo wiki tatu, na Ramadhani ikamkuta anachechemea. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kutembea kila alfajiri baada ya sala, anakula kwa kipimo, na sukari yake ilikuwa imetulia. Sasa hatembei, anakula kwa hasira, na msikitini haonekani. Ukimuuliza anasema, "Nitarudi nikipona."

Tusidanganyane, si goti linalomweka nyumbani. Ni kile kiti. Anaogopa kukaa kwenye kiti mbele ya watu aliokuwa akicheza nao mpira mwezi jana, halafu mmoja amwambie, "Shehe, umeshaingia safu ya wazee?" Utani huo tunauona mdogo. Kuna watu umewakosesha jamaa Ramadhani nzima.

Wako wengine wanaokwenda upande wa pili. Huyu haogopi kiti, anakidharau. Anafuturu tende tatu na kidonge cha diklofenaki ili aweze kusimama rakaa zote 29. Anasimama kweli. Asubuhi goti limekuwa kama fenesi, jioni anameza kingine. Ndugu yangu, dawa za aina hiyo zinachubua tumbo, na kwa mwili uliokaukiwa maji kwa funga zinaweza kuumiza figo. Maumivu ni taarifa. Ukiyazima kila jioni ili usimame, unaendelea kuliumiza goti usilolisikia. Zungumza na daktari kuhusu dawa na saa za kuzimeza, usijiandikie mwenyewe dukani.

Hawa wote wawili, aliyekimbia kiti na aliyekidharau, nataka niwapeleke Madina.

Imepokewa kwa Anas bin Malik katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alianguka kutoka juu ya farasi, akachubuka upande wake wa kulia. Masahaba wakaenda kumjulia hali, wakati wa sala ukawakuta pale pale, na Mtume akawasalisha akiwa ameketi. Hebu likalie jambo hilo kidogo. Huyu ndiye aliyesimama usiku mpaka miguu ikavimba. Siku alipoumia hakusubiri apone ndipo asali na watu, wala hakujikaza asimame ili asionekane dhaifu. Aliketi mbele ya watu wake, akiwa imamu wao. Kama kuketi kwa sababu ya jeraha kungekuwa fedheha, asingeketi yeye.

Kuna na Imran bin Huswain (R.A.), ambaye alikuwa na bawasiri. Sahaba mzima, na ugonjwa ambao sisi tungemnong'oneza daktari peke yake, akamuuliza Mtume atasali vipi. Akajibiwa asali kwa kusimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Leo Umma wote unategemea jibu hilo kwa sababu mtu mmoja hakuona haya kuutaja ugonjwa wake.

Fiqhi yake kwa ufupi, maana maswali haya huja sana. Katika sala ya faradhi, anayeweza kusimama anasimama. Kama shida yako ni kushuka tu, simama kwa kisomo chako, rukuu fanya unavyoweza, kisha keti kwenye kiti na uashirie sijida, ukiinamisha kichwa zaidi kuliko ulivyokiinamisha kwenye rukuu. Usikae tangu takbira ya kwanza hadi salamu kwa sababu tu kiti kipo. Katika sala za sunna, na tarawehe ni mojawapo, mlango ni mpana zaidi: hata mwenye nguvu anaruhusiwa kuketi, ila malipo yake ni nusu ya aliyesimama. Mwenye udhuru hapunguziwi. Kama hali yako ina utata, mwone imamu kabla ya Isha, msimalizane na jirani yako kwenye safu.

Hiyo ndiyo ruhusa. Lakini upo upande wa pili wa jambo hili, na hapo ndipo wengi tunateleza, kwa sababu tukishapewa ruhusa tunaigeuza kuwa pensheni. Goti limeuma mwezi mmoja, mtu amekaa mwaka mzima. Misuli ya paja ndiyo inayolishikilia goti, na msuli usiotumika unasinyaa haraka, wiki chache tu unaona paja moja limekuwa jembamba kuliko jingine. Msuli ukisinyaa goti linabaki bila mlinzi, linauma zaidi, mtu anakaa zaidi. Na kuanzia miaka ya thelathini na kuendelea mwili unapoteza misuli wenyewe hata bila jeraha, kwa hiyo kukaa kwako mtu mzima kuna gharama kuliko kukaa kwa kijana.

Angalieni Mwenyezi Mungu alivyowatendea waja wake waliokuwa katika hali ngumu. Nabii Ayyub (A.S.), katika Surat Swad, baada ya maradhi yale, anaamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, na hapo yanatoka maji ya kuogea na kunywa. Bibi Maryam, katika sura inayobeba jina lake, yuko katika uchungu wa kuzaa, hana mtu, na anaambiwa alitikise shina la mtende ili tende zimdondokee. Mwenye uwezo wa kutoa chemchemi na kudondosha tende hahitaji mguu wa mgonjwa wala mkono wa mzazi. Hata hivyo amewataka watikise. Na alichowataka ni kidogo, kinacholingana na hali yao: Ayyub hakuambiwa akimbie, wala Maryam hakuambiwa aupande mtende.

Basi na wewe, shina lako ni lipi mwezi huu? Kwa aliyeumia goti huenda ni kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu mbele, kuubana msuli wa paja, kuhesabu tano, na kuushusha taratibu, mara kumi, asubuhi na jioni. Au kuinuka kwenye kiti na kuketi tena bila kushika mikono. Kwa mwingine ni kutembea dakika 10 kabla ya magharibi, mwendo wa kuweza kuzungumza, au baada ya tarawehe wakati umeshakunywa maji. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili. Usiziogope hizo 150. Anza na kumi, ilimradi kesho nazo ziwepo. Si tumefundishwa, kwa riwaya ya Bibi Aisha, kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu hata zikiwa chache? Tunaisoma hadithi hiyo kwenye uradi na Qur'ani, tukifika kwenye mwili tunataka kufanya yote Jumamosi moja. Hivyo ndivyo lile goti la bonanza lilivyoumia.

Ila goti lililovimba ghafla, linalokwama, au linalokuachia ukiwa unatembea, lionwe na daktari kabla ya mazoezi na kabla ya kukandwa.

Chakula nitakipitia haraka, kwa sababu mnakijua, tatizo ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Sunna ni tende, asiye nazo mafunda ya maji, kisha sala. Sisi ni tende, kisha sambusa nne, kaimati za shira, uji wenye sukari, mihogo ya nazi, na baada ya tarawehe wali. Sijasema mihogo iondolewe, nani atanisikiliza? Nasema sahani moja, maharage au samaki awepo, maana msuli unaopona unajengwa na chakula cha namna hiyo, na vya kukaanga viwe vya siku moja moja. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwanadamu zinamtosha tonge chache za kuusimamisha mgongo wake, na akizidi, basi theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Kila kilo unayoongeza goti linaibeba katika kila hatua. Mwenye sukari au presha asibadilishe dawa bila daktari, na akiambiwa afungue, afungue. Aya ya 185 ya Surat al-Baqara, ile ile inayotuamrisha kufunga, ndiyo iliyomtaja mgonjwa na siku za badala.

Akina mama, nanyi msijitoe humu. Kusimama jikoni tangu alasiri ni kazi, lakini haiyajengi mapaja yenu, inayachosha. Keti ukikata vitunguu, na hao watoto wakubwa wakaange sambusa.

Kwa aliyekata tamaa kwa sababu hawezi tena alichokuwa akikiweza, kuna hadithi mbili. Ya kwanza ya Abu Musa (R.A.): mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na mkazi. Mwenzangu uliyekuwa unakuja kila usiku, ukaumia, hesabu yako haijafungwa. Na wewe ambaye ni mzima leo, jiulize Ramadhani hii unaandika mazoea gani ya kukufaa siku hiyo.

Ya pili ameisimulia Bibi Aisha (R.A.). Walikuwa safarini, Mtume akashindana naye mbio, Aisha akamshinda. Baadaye, Aisha akiwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Kumbukeni Mtume alihamia Madina akiwa na miaka 53. Maana yake alikuwa mtu mzima aliyekimbia na mkewe, akashindwa, na hakuacha kukimbia kwa sababu ameshindwa. Nasi tuna wanaume wa miaka 45 wasiotoka kutembea na wake zao hata mpaka dukani.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaouguza, na utukubalie kisimamo chetu, aliyesimama na aliyeketi. Amin.

Kuanzia usiku wa leo viti vitakuwa mwisho wa safu upande wa kulia, na kwa akina mama nyuma karibu na mlango. Vijana, mtu akiingia anachechemea, mpelekee kiti kabla hajaomba, usimuulize kimempata nini, na utani ule tuuache barazani. Na kama yuko ndugu aliyepotea tangu Shaabani kwa sababu ya mguu, leo kabla ya Isha mpigie simu, mwambie unampitia mwende pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.