Mjumbe na Dhamiri Yake

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Marekani aliwahi kutozwa faini. Kule rais huchaguliwa rasmi na wajumbe 538, wanaoteuliwa na vyama na kuahidi kumpigia mgombea wao. Mwaka 2016, wajumbe watatu wa jimbo la Washington waliahidi kumpigia Hillary Clinton. Wakampigia Colin Powell, wakitumaini kumzuia Donald Trump. Wakatozwa dola 1,000 kila mmoja. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikasema jimbo lina haki hiyo.

Dhamiri yao naiheshimu, jamani. Ila kura ile ilikuwa ya waliowatuma. Mama akikutuma mchele ukarudi na maharage, nia njema haikuokoi. Na akiagiza sumu? Hapo ningekataa mbele ya watu, na faini nikalipa.