Ahadi ni Deni: Je, Kampuni Nayo Hudaiwa?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Nyamyumba. Bomba letu likakauka. Mama akanipa simu: "Wewe ndiye msomi, waulize." Nikapiga namba ya bure. Binti mmoja akanisikiliza kwa adabu, akaandika malalamiko yangu, akasema fundi atafika ndani ya saa 24. Akamalizia kwamba kwao mteja ni mfalme.

Mama huuza sambaza sokoni Gisenyi. Kesho yake hakwenda, kwa kuogopa fundi asije akakuta mlango umefungwa. Siku ya pili pia hakwenda. Fundi hakuja. Siku ya tatu ukaingia ujumbe: tatizo lako limetatuliwa, asante kwa uvumilivu wako. Mama akaomba nimsomee mara mbili, kisha akachukua majerikani, akashuka ziwani. Mimi nikapiga tena, nikamfokea yule aliyepokea.

Kampuni siitaji, maana msomaji wa Goma au Kampala naye ana yake. Ninachouliza ni hiki: aliyevunja ahadi ni nani?

Kwanza tuwe waadilifu. Mabomba hupasuka. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika hapa Rubavu, na mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130, hasa katika Magharibi na Kaskazini mwa nchi. Baada ya msiba kama huo, nani atamlaumu fundi kwa kuchelewa? Imam al-Ghazali, alipoeleza maafa ya ulimi, alitofautisha anayeahidi kwa nia ya kweli kisha akazuiwa na udhuru, na anayeahidi huku moyoni ameazimia kutotimiza. Huyu wa pili ndiye anayeguswa na hadithi ya alama za mnafiki.

Lakini mama alikwisha kupoteza siku mbili za soko. Wanazuoni wengi walisema kutimiza ahadi ya upande mmoja ni tabia njema, ila kadhi hamlazimishi mtu. Kauli mashuhuri ya Wamaliki ni kwamba ahadi ikimwingiza mwenzio katika gharama, inakulazimu. Mwaka 1988, huko Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilijadili ahadi katika biashara za benki, likashika njia iyo hiyo: aliyeahidi atimize, au afidie hasara iliyotokana na kuvunja ahadi bila udhuru. Kwa kipimo hicho, "saa 24" haikuwa lugha ya adabu tu. Ilikuwa deni, na kiasi chake ni sambaza ambazo hazikuuzwa.

Tena tazameni mizani. Sisi tukichelewa kulipa, tunakatiwa maji. Wao wakichelewa, tunashukuriwa kwa uvumilivu. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kamili wanapopokea, na kupunguza wanapowapimia wengine. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya wauza mchele. Naona inafika hata ofisini.

Mtu atasema: kampuni haina roho, haitasimama Siku ya Kiyama. Kweli. Ndiyo maana kila mtu atasimama na fungu lake. Yule binti huenda aliamini alichokisoma, na aliyenipokea siku ya tatu hakuwa na kosa lolote. Kumfokea ni dhuluma yangu mimi, na sijui nitampata wapi nimwombe radhi. Mzigo mkubwa uko kwa aliyeandika "saa 24" akijua mafundi hawatoshi, na kwa aliyefunga malalamiko bila kufika kwetu.

Ndugu zangu, wengi wetu tutaajiriwa katika ofisi hizo. Tutapewa maneno matamu ya kusoma. Tuulize kwanza kama yana fundi nyuma yake. Kama hakuna, tumwambie mama wa watu: "Hatujui tutafika lini, nenda sokoni kwako." Atakasirika, lakini sambaza zake atauza. Wala tusijifiche nyuma ya inshallah: neno hilo ni la mwenye nia ya kutimiza, si mlango wa kutorokea.

Wabillahi tawfiq.