Je, mtu mzima arudi kutambaa?

Katika fani ya utengamao wapo wanaoamini kwamba mtu mzima aliyepoteza mwendo hana budi kuipita tena njia aliyoipita utotoni. Daktari Václav Vojta wa Chekoslovakia aliijenga tiba yake juu ya wazo kwamba kugeuka na kutambaa ni miendo tuliyozaliwa nayo, inayongoja kuamshwa. Huko Prague, mtaalamu wa tiba ya viungo Pavel Kolář akaiendeleza kwa watu wazima wenye maumivu ya mgongo: mgonjwa hulala chali, miguu juu, akapumua kama mtoto wa miezi mitatu. Chini ya tiba hizi limejificha dai la kifalsafa, kwamba kilichotangulia ndicho sahihi, na asili ni sheria.

Lakini asili yenyewe haina njia moja. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliwachunguza watoto wa Kipsigis huko Kokwet, Kenya. Walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani kwa sababu walifundishwa makusudi. Katika kutambaa, ambako hakuna aliyewahimiza, hawakuwatangulia wenzao. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, Oman ikiwa mojawapo ya nchi tano, ulikuta watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Tena mtafiti Esther Thelen alionyesha kwamba hatua za kichanga, zinazotoweka karibu na miezi miwili, hurudi miguu ikitiwa majini. Ubongo haukuwa umezifuta. Miguu ilikuwa imenenepa kupita nguvu zake.

Mtetezi wa tiba hizi atasema: wagonjwa wanapata nafuu. Sibishi. Anayelala sakafuni haogopi kuanguka wala habebi uzito wake wote, na hiyo yatosha kueleza nafuu bila kuutaja utoto. Mapitio ya tafiti kuhusu kiharusi yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2014 hayakuona mbinu moja ya mazoezi iliyozishinda nyingine. Tena fundi wa miaka 60 aliyepata kiharusi ana mazoea ya maisha mazima. Kumhesabu kama kichanga ni kuyatupa, na kumvunjia heshima.

Cha kuazima kwa mtoto ni wingi wa majaribio. Mwaka 2012 mtafiti Karen Adolph na wenzake walihesabu: watoto wa miezi 12 hadi 19 walipiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa na kuanguka mara 17, wakizurura huku na huko, bila wa kuwalaumu. Nani anampa mgonjwa wa kiharusi nafasi kama hiyo? Ni kweli, nyonga ya mzee huvunjika pale ambapo mtoto anayesimama dede huinuka akacheka. Ndiyo maana wingi huo una gharama zake: mkanda wa kumshika kiunoni, vishikio ukutani, na ndugu wa nyumbani aliyefundishwa kusimama upande uliolegea.