Maduara Manne na Ziwa Lililofungwa

Mwezi Juni 2024 tulikuwa na semina ya vijana na wazazi hapa Rusimbi. Wenzetu wa Kigoma mtakumbuka ulivyokuwa mwezi ule. Ziwa lilikuwa limefungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa hili, yaani Burundi, Kongo na Zambia. Hatuna ugomvi na uamuzi ule. Samaki walikuwa wanapungua na kila mvuvi alilijua hilo. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayekula alichokipata jana usiku. Chanja za dagaa zilikuwa tupu, wachukuzi wa mwaloni walishinda vibarazani, na hata bahasha za sadaka zilikuwa nyepesi.

Sisi tulioandaa semina tulimwomba kijana wetu mmoja, aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, atufundishe juu ya kusudi la maisha. Alikuja na karatasi alizotoa nakala kwa fedha yake mwenyewe. Kila karatasi ilikuwa na maduara manne yanayoingiliana: unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji, na unachoweza kulipwa. Pale katikati, maduara yote yanapokutana, paliandikwa neno ikigai. Alitueleza kwamba hii ni hekima ya kale ya Wajapani, na kwamba mtu akiipata ile sehemu ya katikati huishi kwa furaha na miaka mingi. Alifundisha vizuri, kila mtu alishika kalamu.

Ndipo mama mmoja mjane, ambaye kwa miaka mingi ameanika dagaa kule Kibirizi, akainua mkono. Akasema, "Mwanangu, hilo duara la malipo limefungwa mpaka Agosti. Je, mimi katikati sipo?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kijana wetu akamjibu kwa adabu, "Mama, kwa kweli hapo sijui." Tulifunga semina kwa maombi, lakini lile swali lilikwenda nasi nyumbani, na kwa wiki kadhaa tulilitafutia jibu tukiwa na yule kijana. Tuliyoyapata ndiyo haya tunayowaandikia.

La kwanza lilitushangaza. Yale maduara hayakutoka Japani. Aliyeyachora ni Mhispania anayeitwa Andrés Zuzunaga, na katikati yeye aliweka neno la Kihispania lenye maana ya kusudi. Mwaka 2014 mwandishi mmoja wa mtandaoni, Marc Winn, alilitoa neno hilo na kuweka ikigai, neno alilolisikia kwa Dan Buettner, Mmarekani aliyezunguka dunia akitafuta mahali ambapo watu huzeeka sana, Okinawa ikiwemo. Alibadilisha neno moja tu, na mchoro ukazunguka dunia. Miaka miwili baadaye Héctor García na Francesc Miralles, nao kutoka Hispania, walitoa kitabu kuhusu wazee wa kijiji cha Ogimi huko Okinawa, kikatafsiriwa katika lugha nyingi sana. (Zuzunaga ni mnajimu. Tunajua wako wapendwa watakaoshtuka kwamba karatasi iliyogawanywa ndani ya kanisa ilitoka kwa mnajimu, lakini si hilo lililotunyima usingizi.)

Ikigai haikuja peke yake. Watu wa Ulaya na Marekani wamekuwa na kiu ya maneno ya Kijapani. Marie Kondo aliwafundisha kushika kila kitu cha nyumbani na kujiuliza kama kinaleta furaha, na kile kisicholeta kukishukuru kabla ya kukiacha. Lipo neno kintsugi, ufundi wa kuunga chombo kilichovunjika na kuipamba nyufa kwa dhahabu, ambalo siku hizi husikika hata katika mahubiri. Upo usemi wa Okinawa, hara hachi bu, unaowataka watu waache kula tumbo likiwa limejaa sehemu nane kati ya kumi. Huu wa mwisho tulicheka tulipousoma, kwa sababu mwezi Julai, ziwa likiwa limefungwa, wengi wetu tuliufuata bila kufundishwa.

Tusiwacheke zaidi ya hapo. Mtu ambaye nyumba yake imejaa vitu hata hajui pa kukanyaga ana taabu ya kweli, na mtu ambaye hakuna anayemgongea mlango kwa wiki nzima ana taabu kubwa zaidi. Watu hao waliona katika maneno haya utulivu wasiokuwa nao. Ila walichagua. Wajapani wanalo pia neno karoshi, kifo kinachotokana na kufanya kazi kupita kiasi, na hilo hatujawahi kuliona limechapishwa kwenye kikombe cha chai. Na Februari 2021 serikali ya Japani yenyewe ilimteua waziri wa kushughulikia upweke. Nchi inayodhaniwa kuwa na siri ya maisha nayo inalia kama wengine.

Nasi tunajua inavyokuwa neno lako likibebwa. Filamu ya The Lion King ilipotoka mwaka 1994, "hakuna matata" ikawa wimbo wa dunia nzima, na kampuni ya Disney ikayasajili maneno hayo kuwa alama yake ya biashara. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi kupinga. Lakini kilichopotea kilikuwa kimepotea kabla ya usajili. Kwetu mtu husema "hakuna matata" akimwambia mwenzake: umenikosea, umechelewa, umenivunjia chungu, nami nimekuachia. Ni neno la kusamehe na la kumtoa mtu wasiwasi. Lilipofika kule likawa neno la mtu asiyejali lolote. Lilinyang'anywa yule mtu wa pili.

Tukajiuliza kama ikigai nayo imenyang'anywa mtu wa pili. Hapo ndipo tulipokutana na habari za Mieko Kamiya.

Kamiya alizaliwa mwaka 1914. Akiwa na umri wa miaka 19, mjomba wake, mhubiri wa Injili, alimchukua kwenye makazi ya watu wenye ukoma karibu na Tokyo ili apige kinanda kwenye ibada. Alichokiona siku ile hakikumwacha. Aliugua kifua kikuu, akapona, akasomea udaktari, na baadaye akawa daktari wa magonjwa ya akili katika makazi ya Nagashima Aiseien, yaliyo kisiwani. Sheria ya Japani iliwatenga watu wenye ukoma na jamii, na iliendelea kuwepo muda mrefu baada ya dawa kupatikana. Ilifutwa mwaka 1996. Watu walifika kisiwani wakiwa vijana wakazeekea pale. Wengine walibadilisha majina ili ndugu zao wasiaibike.

Kamiya alitaka kujua jambo moja. Kwa nini, kati ya watu wenye ugonjwa uleule, chini ya paa lilelile, wengine walikuwa wamekata tamaa na wengine walikuwa na furaha? Kitabu alichoandika kutokana na swali hilo kilitoka mwaka 1966, nacho ni kitabu juu ya ikigai, miaka karibu 50 kabla ya maduara. Katika lugha ya Kijapani ni neno la kila siku. Bibi anaweza kusema mjukuu wake ndiye ikigai yake, akaendelea kumenya viazi. Haihitaji kalamu.

Katika makazi hayo ya Nagashima walikuwepo wagonjwa waliopofuka, na ganzi ilikuwa imeua vidole vyao, hivyo hawakuweza hata kusoma maandishi ya nukta nundu kwa kugusa. Baadhi yao wakajifunza kusoma nukta hizo kwa ulimi. Walisoma muziki kwa njia hiyo, wakaunda bendi ya vinanda vya mdomo, wakapiga. Tujaribu kuwapa watu hawa ile karatasi. Unachoweza kulipwa? Hakuna. Dunia inachokihitaji? Dunia ilikuwa imewapeleka kisiwani ili isiwaone. Kwa kipimo cha maduara manne hawana katikati. Lakini neno lenyewe lilichunguzwa kwa kina kwanza kwao.

Kwa hiyo swali la mama yetu lilikuwa na jibu, na sisi ndio tuliokosea. Tulimpa mtu aliyefungiwa ziwa karatasi iliyochorwa kwa ajili ya mtu anayechagua kati ya kazi tatu.

Kijana wetu hakukubali upesi, na tunamheshimu kwa hilo. Alituuliza kama basi tunawaambia vijana wasitafute kazi wanayoipenda, waridhike na umaskini na kuuita mapenzi ya Mungu. Ni swali zito, kwa maana kanisa limewahi kusema hivyo, na waliosema mara nyingi walikuwa wameshiba. Tunajibu kwamba hapana. Mpango mzuri ni mzuri hata ukitoka mbali. Wajapani haohao wametuletea utaratibu wa kupanga kazi uitwao kaizen, ambao ulianza kutumika katika hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007 na kisha hospitali nyingine nyingi, na maneno yake matano yamepata Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Muuguzi anayeona dawa ipo mahali pake usiku wa manane hana haja ya kuuliza neno lilitoka wapi. Vijana wajaze karatasi, watafute kazi, wapate na malipo ya haki. Tunachokataa ni kumwambia mtu kwamba asipoijaza, maisha yake hayana katikati.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunayo habari ya mvuvi ambayo tunaisoma kila mwaka baada ya Pasaka, katika Yohana sura ya 21. Petro alikuwa ameharibu kila kitu. Akarudi kwenye kazi anayoiweza, akavua usiku kucha, hakupata kitu. Asubuhi akamkuta Bwana ufukweni na moto wa makaa na samaki. Bwana hakumuuliza anapenda kufanya nini. Alimuuliza, mara tatu, kama anampenda yeye, na kila mara akamkabidhi kondoo wa kulisha. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuna mwalimu wa semina angethubutu kuliandika kwenye duara: kwamba akizeeka atachukuliwa na mwingine kupelekwa asikotaka. Petro anaondoka pale ufukweni akiwa na watu wa kuwatunza, na hajaahidiwa mshahara wala siku nyingi.

Jambo jingine lilitufurahisha. Wakati dunia inakimbilia Japani kutafuta namna ya kuishi, Wajapani walikuja kwetu. Toshisada Nishida alianza kuwachunguza sokwe wa Mahale, kusini mwa Kigoma, mwaka 1965, na wengi wanalijua hilo. Wasilolijua wengi ni kwamba Makoto Kakeya aliishi miongoni mwa Watongwe miaka ya 1970 akichunguza wanavyopata chakula. Aliona kwamba walilima kiasi kilichoelekea kuwatosha wenyewe, lakini sehemu kubwa ya chakula ililiwa na wageni. Na chakula kilipopungua, wenyeji nao walifunga safari wakawa wageni kwa wengine. Tunasoma hayo tukitikisa kichwa, kwa sababu ndivyo tulivyoishi kati ya Mei na Agosti. Hatukuwa na jina zuri la kuliita.

Mwezi Julai tuliitisha kikao kingine. Safari hii hatukugawa karatasi. Tuliuliza swali moja tu, ambalo tulidhani linamfaa kila mtu: nani anakusubiri? Mama wa dagaa alijibu bila kufikiri. Wajukuu watatu, na jirani yake asiyeona ambaye humpelekea maji. Wengine wakataja wazazi, watoto, mgonjwa fulani. Mwalimu mmoja mstaafu akasema kuku, tukacheka naye.

Zamu ikamfikia kijana mmoja mchukuzi, aliyekuja mjini akiwa peke yake na hukaa benchi la nyuma. Akasema, "Mimi hakuna." Akasema tu hivyo, akakaa.

Tulinyamaza. Tulikuwa tumeyakataa maduara kwa sababu yanamwacha mtu nje, na swali letu lenyewe lilikuwa limemwacha mtu nje mbele ya macho yetu. Mzee mmoja alianza kumwambia kwamba Mungu anamsubiri. Ni kweli, lakini mama mchungaji alimgusa mkono, naye akaacha.

Alhamisi iliyofuata wawili wetu tulikwenda kumgongea. Hakuwepo. Jirani alisema amekwenda Uvinza kutafuta kibarua kwenye chumvi. Tuliacha ujumbe kwamba tutarudi Alhamisi nyingine, tukarudi, tukamkosa tena. Alhamisi ya tatu tulimkuta, tukakaa kidogo. Hatukuwa na mengi ya kusema. Tulizungumza habari za bei ya mawese.

Alhamisi ya tarehe 15 Agosti ziwa lilifunguliwa. Siku hiyo kila nyumba ilikuwa na shughuli, nyavu, taa, mafuta ya injini, hata sisi tukafika kwake usiku, saa mbili imepita. Alikuwa amekaa mlangoni gizani, na chai ilikuwa imepoa. Akatuuliza kwa nini tumechelewa.