Asimuliaye Aibu Yake Mwenyewe

Wakati wa mavuno ya mahindi tulialikwa jioni moja katika nyumba ya Wakristo huko Nangara, mjini Babati. Chakula kilikuwa bado jikoni, na jamaa wote walikuwa wameketi kuzunguka rundo la mahindi, wakipukuchua. Haikutupendeza kukaa kitini kama wageni wa heshima huku wenyeji wakifanya kazi, basi nasi tukavuta kigoda tukaanza kupukuchua. Binti mkubwa wa nyumba ile, ambaye ni mwalimu na alikuwa likizoni, aliweka simu yake juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema, “Padre, leo tusisikilize redio. Tuwasikilize waimbaji wawili wakijieleza wenyewe.”

Wa kwanza alikuwa Fatuma binti Baraka wa Unguja, yule ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude, naye alifariki dunia tarehe 17 Aprili 2013. Andy Jones, Mwingereza, alitengeneza filamu juu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2006. Bibi huyu hakuujua mwaka aliozaliwa; alichojua ni kwamba zama zile zilikuwa za rupia. Mara nyingi alieleza jinsi alivyoozwa pasipo hiari yake angali binti mdogo, akaikimbia ndoa ile. Wala hakuificha sigara yake, wala kinywaji chake. Nyumba nzima ilicheka, na mzee mwenye nyumba alicheka kuliko wote, akafuta machozi kwa kiganja.

Wa pili alikuwa mwanamke wa Ireland, Sinéad O'Connor, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, ambaye mwaka 2021 alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho Rememberings, kisha akakisoma kwa sauti yake mwenyewe ili watu wakisikilize. Binti alikuwa akisimamisha na kutufasiria. Mwanamke yule alisimulia jinsi mama yake mzazi alivyompiga tangu utotoni, mapigo ya ukatili, si ya kumrudi mtoto. Alisimulia pia jinsi alivyozoea wizi, na jinsi alivyopelekwa katika nyumba ya kurekebisha wasichana iliyotunzwa na watawa. Yalipofika ya mama yake, mzee aliweka gunzi chini. “Zima hiyo,” akasema. “Mama yake amekwisha kufa, hawezi kujitetea. Mtoto gani humvua mama yake nguo mbele ya watu?”

Simu ikazimwa, chakula kikaletwa, tukasali, tukala. Lakini njiani kurudi, swali lilituandama, na bado latuandama tunapoandika haya. Kwa nini tulicheka kwa yule wa kwanza, na kwa nini tulimnyamazisha yule wa pili?

Si desturi ya zamani kwetu kumsikia mwimbaji mwanamke akijieleza mwenyewe bila mtu wa kati. Wasomaji wetu wenye umri wanamkumbuka Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika jamaa fukara, akatembeza vyungu vya kufinyanga akinadi bei kwa sauti ile ile ambayo baadaye iliimba. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba kwa ala, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay kutia nyimbo zao katika sahani za santuri. Kabla hajafariki tarehe 8 Julai 1950, Shaaban Robert alimwendea, akamsikiliza, ndipo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kitabu cha adabu na cha lugha safi. Dhihaka za washindani wake, waliomcheka kwa sura yake na kwa kaniki aliyoingia nayo mjini, mwandishi amezigeuza kuwa somo kwa vijana. Hatumlaumu hata kidogo. Aliona mwanamke maskini aliyedharauliwa, akataka aheshimiwe, na kalamu yake ikatenda kazi hiyo kwa ufundi ambao sisi hatuna.

Hata hivyo, maisha yaliyopita katika kalamu ya mtu mwingine ni kama mahindi yaliyokwisha kupepetwa. Twapata nafaka safi, makapi hatuyaoni. Bi Kidude, ambaye alizipokea nyimbo za Siti na kuziimba kwa miaka mingi, alikuja na magunzi yake na makapi yake, akayamwaga mbele yetu. Sauti ya mtu haipepeteki. Akisita, twamsikia. Akicheka mahali pa kulia, twasikia na hilo. Na ndiyo maana, kwa fikira zetu, anayetia maisha yake katika sauti yake hujitoa zaidi kuliko anayeyatia katika karatasi, naye humtaka msikilizaji ajibu kwa namna ambayo kitabu hakimtaki.

Turudi kwa mzee wetu. Haifai kumdharau, maana neno lake lina mizizi. Seminarini tulifundishwa kwamba amri ya nane haikatazi uongo peke yake. Yakataza pia kusengenya, yaani kufichua kosa la kweli la jirani pasipo sababu ya haki. Jina jema la mtu ni mali yake, hata akiwa kaburini. Tulifundishwa zaidi ya hayo: hata jina lako mwenyewe si lako peke yako, kwa kuwa watoto wako, wazazi wako na ukoo wako wanaliegemea. Anayejipaka tope huwachafua na walioshikana naye mkono. Mzee angeweza pia kututajia wana wa Nuhu. Baba yao alipolewa akalala uchi hemani, Hamu alikwenda kutangaza. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika pasipo kumtazama. Tangu zamani wahubiri wamewasifu wawili hawa, nasi tumewasifu mimbarini.

Lakini tuna shahidi mwingine, naye ni Mwafrika, tena ni mtakatifu. Agostino wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya nne. Alieleza wizi wa mapeari alioufanya kijana wa miaka kumi na sita, si kwa njaa, ila kwa utamu wa kuiba. Alieleza mwanamke aliyeishi naye miaka mingi bila ndoa akazaa naye mtoto. Hayo yalikuwa yake. Msomaji asiyekisoma kitabu chenyewe aweza kushangaa kwamba hakuishia hapo. Aliandika kwamba Monika mama yake, yule yule tunayewaombea akina mama wote maombezi yake, alipokuwa msichana alianza kuonja divai kidogo kidogo kila alipotumwa kuiteka, mpaka ikawa mazoea, akaponyeshwa na mjakazi aliyemtukana kuwa mlevi. Aliandika kwamba Patrisi baba yake alikuwa mwepesi wa hasira na hakuwa mwaminifu katika ndoa yake. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, hawakuweza kujitetea. Na mwishoni mwa simulizi hiyo aliwasihi wasomaji wake wawakumbuke wazazi hao altareni. Yule mwanamke aliyeishi naye hakumtaja jina hata mara moja, na hata leo hakuna alijuaye.

Je, Agostino ni Hamu? Hakuna Mkristo atakayethubutu kusema hivyo. Basi kosa la Hamu haliwezi kuwa kusema tu. Hamu aliona udhaifu ambao haukumdhuru yeye, akautangaza. Nguo ya Shemu ilimfunika mtu aliyekuwa dhaifu saa ile, amelala, hawezi kujisitiri. Lakini mama mwenye fimbo, mbele ya mtoto wa miaka minane, hakuwa dhaifu. Aliyelala hemani bila wa kumfunika alikuwa mtoto. Kovu lililo mgongoni mwa mtoto yule si siri ya mama yake; ni mgongo wake mwenyewe. Akilionyesha, hasengenyi mtu, aonyesha mwili wake. Wazee walisema mficha maradhi kifo humfichua, wala hawakusema kwamba maradhi yaliyoletwa na mzazi yafichwe zaidi ya mengine.

Hatusemi kwamba kila asimuliaye aibu ana haki. Wako wauzao aibu zao kama wauzavyo nguo sokoni, wakiongeza rangi kila mteja apitapo, na wako wasimuliao maisha yao ili kulipa kisasi tu. Kipimo chetu ni kimoja na ni cha kawaida: je, msimulizi ajihurumia yeye peke yake? Mwanamke wa Ireland hakujihurumia. Wizi wake aliuita wizi. Vivyo hivyo Bi Kidude hakujifanya bibi mtakatifu ili watu wamwalike tena.

Sasa tumefika mahali ambapo ni pagumu kwa gazeti la jimbo, na huenda wasomaji wengine walikuwa wakingoja tupakwepe. Tarehe 3 Oktoba 1992, Sinéad O'Connor alisimama mbele ya televisheni ya Marekani akaichana picha ya Baba Mtakatifu Yohane Paulo II. Tendo lile hatulisifu. Lilikuwa tusi kwa mtu ambaye mamilioni walimpenda, na sisi tu miongoni mwao. Leo Kanisa limemtangaza mtakatifu. Alisema alifanya hivyo kwa ajili ya watoto walioteswa mikononi mwa watu wa Kanisa, na wakati ule wengi walimcheka na kumzomea. Mwaka 2018 alisilimu, na tarehe 26 Julai 2023 akafariki dunia mjini London.

Ni katika simulizi yake, kwa sauti yake, tulipopata kujua picha ile ilitoka wapi. Haikuwa picha ya kununua dukani kwa ajili ya kuichana. Ilikuwa imetundikwa katika chumba cha kulala cha mama yake, ukumbusho wa ziara ya Baba Mtakatifu nchini Ireland mwaka 1979. Mama yule alipokufa katika ajali ya gari mwaka 1985, binti aliibandua ukutani akaitunza miaka saba. Twaomba msomaji asimame hapo kidogo. Picha ya Papa ilikuwa ukutani, na chini ya picha hiyo mtoto akapigwa. Ni nyumba ngapi za Wakatoliki, na si Ireland tu, zenye picha nzuri ukutani?

Na yale aliyoyasema juu ya watoto? Mwaka 2009 tume ya serikali ya Ireland ilitoa taarifa ndefu juu ya mateso ya watoto katika nyumba zilizosimamiwa na mashirika ya kitawa. Tarehe 19 Machi 2010 Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliwaandikia Wakatoliki wa Ireland barua ya uchungu na aibu. Tarehe 26 Agosti 2018, katika Misa huko Dublin, Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha mbele ya taifa lile, kosa baada ya kosa. Tangu mwanamke yule alipozomewa mpaka barua ile ilipoandikwa ilikuwa imepita miaka kumi na saba na zaidi. Katika miaka hiyo nguo ya Shemu ilitumika vibaya, na waliotumia vibaya walikuwa watu waliovaa kanzu kama yetu. Twaandika hili kwa shida, lakini hatuwezi kumwambia mzee wa Nangara kwamba mtoto aseme, kisha sisi tunyamaze.

Basi tulimcheka Bi Kidude kwa sababu hakututaka kitu. Makosa yake yalikuwa ya mbali, ya Unguja, ya zama za rupia, na kicheko hakikutugharimu. Yule wa pili alikuwa akisema habari za nyumba yenye rozari na picha ukutani. Tuliijua nyumba ile.

Mwezi uliofuata tulipita tena Nangara. Binti alikuwa amerudi kazini na mahindi yalikuwa yamekwisha kutiwa maguniani. Mzee alitusindikiza mpaka barabarani, akasimama, akachora ardhi kwa fimbo yake kitambo. Kisha akauliza, “Padre, yule mwanamke, alipokuwa akisoma yale ya mama yake, alilia?” Tukamjibu kwamba hatukusikia kilio, ila sauti yake ilikuwa ya polepole. Akanyamaza. Halafu akaanza kutueleza habari za utoto wake, ambazo, kwa maneno yake, hata mama watoto hajazisikia. Alisimulia mpaka giza likaingia na taa za magari yaendayo Singida zikaanza kupita mbele yetu. Ametupa ruhusa ya kuandika kwamba alisema. Aliyoyasema hatukuombwa kuyaandika.