Chakula cha Msafiri



Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa tisa au wa kumi, tazameni juu ya mto Lukuga na ufukoni mwa ziwa. Mbayuwayu wamefika, wale wenye mkia wa panda mbili na koo jekundu. Wametoka Ulaya wakikimbia baridi. Wamevuka bahari na jangwa la Sahara, nao uzito wao wapata gramu 20 tu. Wengine hubaki kwetu, wengine huendelea mpaka Afrika ya Kusini.

Ni nani aliyewaandalia chakula? Siku zile zile kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, nao huwadaka wakiruka. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyevuna. Ndiyo maana Bwana wetu Yesu Kristu aliwaambia wanafunzi wake wawatazame ndege wa angani.

Lakini Mungu hupenda pia kutumia mikono ya watu. Huko Marekani yuko ndege mdogo mno, wa gramu 3 hivi, anyonyaye utamu wa maua, kama chozi tunayemwona kwenye maua ya migomba. Baridi ikikaribia, naye huhamia kusini. Wengi huvuka Ghuba ya Mexico, karibu kilomita 800 bila kutua. Watu humtundikia maji ya sukari, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji. Wako waogopao kwamba akishiba hataondoka. Sivyo! Kufupika kwa mchana ndiko kunakomwambia saa ya safari. Chakula humpa nguvu za kufika.

Ninyi nanyi mko safarini kuelekea ubatizo, na mafundisho ni chakula chenu cha njiani. Mwenye kusema, «Nimekwisha jua Baba Yetu na Salamu Maria, yatosha,» kisha akaacha kuja, huyo ataka kuvuka maji na tumbo tupu. Nabii Yeremia aliwalilia watu wake kwa neno hilihili: mbayuwayu ajua majira yake, bali wao hawakuijua sheria ya Bwana.

Nanyi wazazi, wakatazeni watoto kuwapiga wageni hawa kwa manati. Nyama ya mbayuwayu haijazi hata kijiko. Wala msichome matete yote ya mtoni, maana humo hulala usiku kwa makundi. Waacheni wale, wanenepe. Karibu na Pasaka watarudi kwao, siku zile mtakapoitwa kwa majina yenu mbele ya kisima cha ubatizo.